Ile Bastola Ndogo Uliyoniuliza

Furaha mwanangu,

Nina hasira, na usije ukasema hukujua. Nimekaa hapa kwenye meza ya jikoni tangu tuliporudi kanisani. Mama yako anapiga pasi yunifomu zako chumbani, na kila baada ya muda ananiuliza kwa sauti ninaandika nini. Namjibu naandika namba za jamaa wa Johannesburg. Mambo ya kula, ya kulala, ya kujihadhari na wanaume, ya kupiga simu kila Jumapili, hayo ameyasema yeye tangu Jumatatu na kesho atayasema tena mpaka dereva wa basi awashe gari. Mimi siyarudii. Mimi ninalo jibu moja tu ambalo sijakupa.

Miezi sita iliyopita ulinionyesha picha mbili kwenye simu yako. Bastola mbili za kuficha mwilini, moja ndogo na nyingine ndogo kupita hiyo. Ukasema, "Papa, wewe unafanya kazi pale uwanja wa shabaha, unawasikia wateja kila siku. Niambie uzuri wake na ubaya wake. Ipi inafaa?" Nikainuka nikaenda kuosha masufuria ambayo yalikuwa safi. Ukaniuliza tena kule Overport, tukiwa kwenye foleni ya duka, nikakuambia ushushe sauti. Ukachoka, ukachagua mwenyewe, ukachukua ile ndogo kabisa. Leseni ilitoka mwezi uliopita. Sasa hiyo kitu iko ndani ya sefu chini ya kitanda chako, ukuta mmoja tu kutoka kichwa changu.

Bon. Uliuliza, nami najibu leo, nimechelewa kama kawaida yangu.

Kwanza ujue sikukasirikia kuuliza kwako. Sijasahau mwaka jana, pale Berea, ulipotoka kazini na wale vijana wawili wakakuchana mkono kwa kisu kwa sababu hukuachia sakoshi, mkoba wako, haraka. Ulinipigia simu mara nne. Mara nne, Furaha! Na mimi nilikuwa Pinetown, pale uwanja wa shabaha, nimevaa viziba masikio, nafagia maganda ya risasi za watu wanaojifunza kujilinda. Nilipovivua na kuona jina lako kwenye simu ulikuwa umeshashonwa. Ukiniona nimeweka kijiko chini ghafla wakati wa chakula, mara nyingi nakuwa nimerudi kwenye zile simu nne. Kwa hiyo sitakuambia kwamba hakuna hatari. Mwaka huu huu tumefunga milango mchana kweupe, tumezungumza kwa minong'ono ndani ya taxi iliyojaa abiria ili watu wasisikie ni Kiswahili. Atakayekuambia huna sababu ya kuogopa ni mwongo, hata kama ni mchungaji.

Sasa uzuri wake. Hiyo uliyochagua ni nyepesi. Utaivaa asubuhi na kufikia saa nne utakuwa umesahau kwamba iko. Haitokezi chini ya yunifomu, hata ukiinama kumfunga mgonjwa bandeji. Haivuti suruali chini. Wanawake wanaokuja pale kazini wanalalamika sana juu ya nguo zao, kwamba hazina mikanda ya kubeba chuma, na kwa hilo ndogo inashinda kubwa, hakuna ubishi. Na bastola iliyo nzuri lakini umeiacha nyumbani kwa sababu ni nzito haikusaidii kitu. Hayo nimeyasikia miaka sita na ni kweli.

Ubaya wake nao sikiliza. Mpini wake unashikwa na vidole viwili, cha tatu kinabaki kinaning'inia hewani. Ukifyatua inaruka mkononi, risasi ya kwanza inakwenda ulikotaka na ya pili inakwenda kwa jirani. Nimewaona wanaume wenye mikono mipana wanakosa karatasi iliyo hatua saba mbele yao, halafu wanaigeuza bastola na kuitazama, eti yenye kosa ni yenyewe. Risasi zake ni chache. Kile chuma cha juu kinachorudi nyuma kina springi ngumu, nimeona wateja wanawake wanavunja kucha juu yake. Na jasho la Durban linakula chuma, na vumbi la nguo linaingia ndani, kwa hiyo lazima uifungue na kuisafisha kila mara, hata siku ulizochoka. Ile nyingine, iliyo kubwa kidogo, inajaa mkononi na inatulia, ila ingeonekana kiunoni. Na ukitaka kuiweka ndani ya sakoshi, nitapiga kelele sasa hivi mama yako asikie! Kitu cha kwanza wanachonyakua si sakoshi? Utakuwa umewakabidhi bastola pamoja na lipstiki.

Voilà. Hayo ndiyo ungeyapata kwa mtu yeyote wa pale kazini, bure, na kikombe cha chai juu. Lakini wewe uliniuliza mimi, papa yako, na mimi iko kitu ninachokijua ambacho wale hawakijui. Ndiyo maana nilikimbilia masufuria.

Mimi nilikuwa nayo. Ndogo kama yako. Hata ndogo zaidi.

Ni mwaka 2008, ulikuwa na miaka kumi na tano. Unakumbuka yale majuma watu walipoanza kuwapiga wageni. Nilimwona mtu ninayemjua, fundi viatu, amelala kando ya barabara na vifaa vyake vimemwagwa juu yake. Nikatafuta bastola kwa njia za panya, bila karatasi, kwa sababu mkimbizi wa karatasi ya kuhuishwa kila baada ya miezi michache nani atampa leseni? Wewe yako umeipata kwa haki, una ukaazi wa kudumu, umefanya mtihani, na kwa hilo nakuheshimu. Mimi nilikuwa mhalifu tangu dakika ya kwanza. Niliifunga kiunoni kulia, ndani ya suruali, shati juu yake. Mama yako hakujua. Wewe hukujua.

Hakuna mteja wa pale kazini anayesema hili: kitu kile kinakufundisha tabia. Kanisani nikaacha kuinua mikono. Unajua sisi Wakongo tunavyosifu, mtu asiyeinua mikono watu wanaanza kumwombea. Mimi nikiinua, shati linapanda. Basi nikasimama mikono chini miezi ile yote, na mashemasi wakaja nyumbani kuniuliza nina dhambi gani. Mama yako akinishika kiuno jikoni namsukuma. Akaanza kuamini nina mwanamke mwingine, na mimi nikaona heri aamini hivyo. Unaona upumbavu huo? Nilikubali mke wangu alie juu ya mwanamke ambaye hayupo, ili asiguse chuma. Na wewe, ulipotoka shule na kunirukia, nilikuwa nageuka upande wa kushoto upesi. Ukaacha kunirukia. Nilidhani umekua mkubwa, kumbe ni mimi niliyekuzoesha.

Sasa kuhusu Tonton Mugisho, rafiki yangu uliyemwita mjomba.

Najua umesoma jina hilo mara mbili. Tulivuka mipaka minne pamoja naye, wewe ukiwa mgongoni kwake zaidi ya mgongoni kwangu, kwa kuwa mimi nilikuwa na mguu mbovu. Ndiye aliyekufundisha kuhesabu kwa Kifaransa. Na ndiye mtu aliyependa mzaha kuliko watu wote niliowahi kuwajua. Hata majuma yale ya kupigwa wageni alitafuta pa kuchekea. Unakumbuka wale watu walivyokuwa wanasimamisha mtu barabarani, wanamshika kiwiko, wanamuuliza kwa Kizulu, "Yini le?" Hii ni nini? Mtu akishindwa kukitaja kiwiko kwa Kizulu, wameshajua ni mgeni. Basi sisi uani kwa kanisa tukaugeuza kuwa mchezo. Unamnyemelea mwenzako kwa nyuma, unamkamata kiwiko, unakaza sauti, "Yini le?" Mtu anaruka, anatetemeka, anageuka, anakuona, mnacheka mpaka machozi. Anayeruka sana anatuma watoto soda. Mugisho ndiye aliyeuanzisha, na alinikamata mimi mara nyingi kuliko wote.

Ilikuwa Jumamosi moja mwishoni mwa mwaka ule ule, mchana wa jua kali, Pinetown. Nimesimama kwenye robot, taa za barabarani, pamoja na watu wengi nasubiri kuvuka niende kwenye taxi. Nikasikia mkono umekamata kiwiko changu kwa nyuma, kwa nguvu, na sauti nzito ikaniuliza karibu na sikio, "Wena, yini le?"

Furaha, sikufikiri. Nataka uielewe sentensi hiyo, maana wateja wote wanaamini watafikiri. Nilichomoa. Nikageuka. Nikaisukuma kwenye tumbo la mtu, nikavuta traiga. Haikulia. Nikavuta tena.

Mara ile ya pili nilikuwa nimeshamwona uso. Nilimwona, nikamtambua, ni Mugisho, mdomo wake bado una kicheko. Macho yalishamjua na kidole kilikuwa hakijapata habari. Hii sijamwambia mtu yeyote duniani, hata yeye. Labda yeye anadhani nilivuta mara moja.

Miaka miwili baadaye, nimeshapata kazi pale shabaha, fundi wetu, Mhindi mmoja mzee, alikuwa anamweleza mteja ubaya wa hivi vidude vidogo. Akasema usiisukume ikagusa mwili wa mtu, kwa sababu kile chuma cha juu kinarudi nyuma kidogo tu, na hapo hata ukivuta mpaka kesho hailii. "Hiyo ni kasoro kubwa, watu wamekufa kwa ajili yake," akasema. Nikaacha ufagio pale pale nikaingia chooni nikakaa. Kasoro yake! Nikiandika orodha yako, Furaha, kasoro hiyo niiweke upande gani? Kama ningekuwa na bastola nzuri, ile ya bei, ile isiyokosea, Mugisho angekuwa kaburini na mimi jela, na wewe usingekuwa nesi.

Pale kwenye robot hakuna aliyeona, au walioona walitazama pembeni, maana nilikuwa nimemkaribia sana na mfuko wake wa plastiki ulikuwa katikati yetu. Mugisho alitazama chini, akaiona. Akanitazama mimi. Hakupiga kelele. Aliingiza mkono ndani ya ule mfuko polepole, mkono mwingine ameuinua, akatoa kalkuleta ikiwa bado kwenye boksi lake. Akasema, "Nilikuwa naleta hii kwa Furaha. Mtihani wake si karibu?" Akaniwekea mkononi. Sauti yake haikuwa yake. Halafu taa ikawa kijani na akavuka na wale watu wengine.

Ile kalkuleta ya bluu uliyofanyia mitihani yote, uliyokwenda nayo chuo, unayopigia hesabu za dawa za wagonjwa, nilikuambia nimekununulia mimi. Ukanishukuru kwa magoti. Nikakuinua, nikapokea shukrani hiyo kama yangu.

Ile bastola niliitupa mto Umgeni siku hiyo hiyo, nikiwa juu ya daraja. Kabla mwezi haujaisha Mugisho akahamia Johannesburg, hakuaga. Na ulipouliza mbona Tonton haji tena, nikakuambia amepata watu wa maana, ana makuu, anatuona sisi washamba. Ukalia. Ukasema hapana, Tonton si mtu wa hivyo. Nikakufokea. Nikakukataza kumpigia simu. Nilimchafua mtu ambaye nilikuwa nimeshajaribu kumuua, mara mbili kwa siku moja, halafu kwa maneno kwa miaka saba. Sasa unaelewa hasira yangu inaelekea wapi. Wewe umeipata sehemu yako kwa kuchagua kwa kutazama picha, lakini kipande kikubwa ni changu na nitabaki nacho hapa Durban.

Majuma matatu yaliyopita, ulipopata ile barua ya kazi, nilimpigia. Namba niliipata kwa mtu wa kanisa. Nilitoka nje ya geti la kazini wakati wa chakula, nikasimama juani kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Alipokea, nikasema, "Ni mimi." Nikasikia magari ya huko kwake.

"Mama wa Furaha ni mzima?" akauliza.

"Mzima. Mugisho, naomba..."

"Wewe, bado unabeba ile kitu?"

"Hapana. Niliitupa siku ile ile."

"Bon." Akakohoa. "Sema unachotaka."

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kuomba msamaha, nimeyafanyia mazoezi kwenye taxi kutoka Berea mpaka Pinetown. Yote yakapotea. Nikamwambia tu kwamba unakwenda Johannesburg kuwa nesi, huna mtu huko. Hakuniacha nimalize. "Basi linafika saa ngapi? Eish, mtoto ameshakuwa nesi! Nitakuwepo." Hivyo tu. Mtu yule amekaa miaka saba akisubiri niseme saa ya basi.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nimekuwa mwongo vya kutosha, na nikamwambia jambo lililobaki. Nikasema, "Mugisho, ujue. Furaha naye anayo. Ya halali, ina leseni. Ndogo." Nikatazama simu nikidhani imekatika.

Sikukatazi kuibeba. Ningetaka kukukataza, ningetaka kuivunja sefu leo hii kwa nyundo, lakini simu zako nne bado ziko kichwani mwangu na sina haki ya kusema nitakuwepo, kwa sababu sikuwepo. Funguo unazo wewe. Ukiiacha, nitaipeleka kwa fundi wetu Jumanne na karatasi zake zote, na nitakuwa baba mwenye hofu. Ukiibeba, nitakuwa baba mwenye hofu vilevile. Nimekupa uzuri wake na ubaya wake kama ulivyoomba, ila nimebakiza ubaya mmoja, nao ni jibu alilonipa Mugisho mwishoni.

Nilikuwa nimedhani atakukamata kiwiko. Nilikuwa naogopa hilo majuma yote matatu, kwa kuwa ni yeye, na kwa kuwa ndivyo alivyokuwa. Nikajaribu kumwonya. Akanikata.

"Usiogope," akasema. "Mimi siendi nyuma ya mtu tena. Tangu siku ile sijamgusa mtu yeyote bila kumwita kwanza. Mwambie nitasimama mbali, pale atakaponiona vizuri, mikono yangu iko juu, na nitamwita jina lake."

Kwa hiyo kesho ukishuka kwenye basi, utamwona mzee mmoja amesimama peke yake mbali na watu, mikono juu, anaita Furaha. Huyo ndiye aliyekubeba mgongoni. Mjibu upesi, mama, na umkimbilie, usimwache asimame hivyo kwa muda mrefu.

Papa yako